Otoantibodi katika skleroderma: zinatabiri nini, zinasababisha nini, na maabara hupotosha wapi

Watu wawili wenye skleroderma, ugonjwa wa kukakamaa ngozi na viungo vya ndani, wanaweza kufika kliniki wakiwa na vidole vinavyofanana kabisa: vimevimba, vikipigwa na baridi vinakuwa vyeupe kisha vya buluu, na ngozi yake imeanza kukaza. Damu ya mmoja ina kingamwili dhidi ya sentromia. Damu ya mwingine ina kingamwili dhidi ya polimerasi ya RNA III. Kwa macho huwezi kuwatofautisha. Lakini wa kwanza ana uwezekano mkubwa wa kuishi miaka mingi na ugonjwa unaokwenda polepole, hatari yake kubwa ikiwa kwenye mishipa ya mapafu, tena mara nyingi baada ya mwongo mmoja au zaidi. Wa pili anaweza kukakamaa ngozi ya kifua na mapaja ndani ya miezi, na figo zake zinaweza kufeli katika wiki chache. Kipimo cha damu kimewatenganisha kabla ugonjwa wenyewe haujawatenganisha.

Hili linajulikana kwa uhakika. Kisichojulikana kwa uhakika huohuo ni kama kingamwili hizo ndizo zinazoharibu viungo, au ni alama zinazoachwa na kitu kingine kinachoviharibu. Maswali haya mawili huchanganywa kila mara, hata katika maandishi ya kitaalamu, na mkanganyiko mwingi kuhusu ugonjwa huu unatokana na hapo. Kingamwili inaweza kutabiri vizuri sana bila kusababisha chochote.

Mafiga matatu ya ugonjwa

Skleroderma ya mfumo mzima inakaa juu ya mafiga matatu. Mishipa midogo ya damu huumia, hupungua upana na kuziba. Mfumo wa kinga huugeukia mwili wenyewe. Na fibroblasti, yaani seli zinazotengeneza nyuzi za kolajeni, hufanya kazi kupita kiasi mpaka ngozi, mapafu, moyo na njia ya chakula vinajaa makovu na kupoteza unyumbufu. Otoantibodi ni sehemu ya figa la pili: ni kingamwili zilizotengenezwa na seli za kundi B, ila badala ya kunasa kijidudu zinanasa protini ya mwenye mwili.

Zaidi ya wagonjwa 90 katika kila 100 wana otoantibodi dhidi ya vitu vilivyomo ndani ya kiini cha seli, kundi linalojulikana kwa ufupisho wa ANA. Hata hivyo ANA peke yake si ugonjwa. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 1997 ulipima watu wenye afya na kukuta kwamba seramu (majimaji ya damu yasiyo na seli) ikizimuliwa 1:40, karibu 30 katika 100 walionekana kuwa na ANA. Kwa 1:80 walikuwa takriban 13. Kwa 1:160 walikuwa 5. Kwa hiyo mtu aliyepewa karatasi inayosema "ANA chanya 1:80" bila dalili yoyote hana sababu ya kukosa usingizi. Kinachobeba maana ni umbo la mng'ao unaoonekana kwenye hadubini na jina la protini inayoshambuliwa.

Tatu zinazotangulia

Kingamwili dhidi ya sentromia zilielezwa mwaka 1980. Sentromia ni pale ambapo nusu mbili za kromosomu hushikana wakati seli inagawanyika, na shabaha kuu ni protini ya CENP-B yenye uzito wa takriban kilodaltoni 80, pamoja na CENP-A na CENP-C. Wagonjwa wa kundi hili kwa kawaida ngozi yao hukakamaa kwenye vidole, mikono chini ya kiwiko na uso tu. Hupata vidonda vya ncha za vidole, chembe za chokaa chini ya ngozi, na vijishipa vyekundu usoni na viganjani. Makovu makubwa ya mapafu ni nadra kwao. Kinachohitaji kuviziwa ni shinikizo la juu la damu kwenye ateri za mapafu. Ndiyo maana kingamwili hii imo miongoni mwa vigezo vya kanuni ya DETECT, iliyochapishwa 2014 kwa ajili ya kuamua ni mgonjwa yupi apimwe moyo kwa katheta. Wengine wao pia wana ugonjwa wa mirija midogo ya nyongo kwenye ini, hivyo vimeng'enya vya ini vinavyopanda taratibu visipuuzwe.

Kingamwili dhidi ya topoisomerasi I ndizo zilizoitwa Scl-70 zilipoelezwa mwaka 1979. Namba 70 ilitokana na kipande cha protini kilichoonekana maabara. Protini kamili ina takriban kilodaltoni 100, na ilikuwa imekatwakatwa na vimeng'enya wakati wa kuitayarisha. Mwaka 1986 ndipo ilipotambuliwa kuwa ni topoisomerasi I, kimeng'enya kinacholegeza msokoto wa DNA ili inakiliwe. Hapa hatari kubwa ni makovu ya mapafu, na huja mapema, aghalabu katika miaka mitano ya mwanzo. Mgonjwa aliyepatikana na kingamwili hii anastahili picha ya CT ya mapafu yenye vipande vyembamba tangu siku anapotambuliwa, hata kama hakohoi. Baada ya hapo kipimo cha pumzi cha FVC, yaani kiasi cha hewa ambacho mtu anaweza kuitoa kwa nguvu, pamoja na cha DLCO kinachoonyesha jinsi gesi inavyovuka kutoka mapafuni kuingia kwenye damu, hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hadi sita katika miaka ya mwanzo. Kosa la kawaida ni kuridhika na FVC iliyo ndani ya kiwango cha kawaida. Mtu aliyekuwa na asilimia 110 ya kinachotarajiwa akishuka hadi 88 bado anasomeka kuwa sawa, ilhali amepoteza sehemu kubwa ya pumzi yake. Mwelekeo wa namba una maana kuliko namba moja.

Kingamwili dhidi ya polimerasi ya RNA III, kimojawapo cha vimeng'enya vinavyotengeneza RNA kutoka kwenye DNA, zilijulikana vizuri mwaka 1993. Kuenea kwake kunatofautiana sana: ni za kawaida Uingereza na Marekani, ni chache Japani. Ngozi hukakamaa haraka na kwa upana, tumbo linaweza kuvuja damu kutoka kwenye vishipa vilivyopanuka, na figo huwa hatarini kuliko katika kundi jingine lolote. Dharura ya figo ya skleroderma hutokea zaidi katika miaka minne ya mwanzo. Shinikizo la damu hupanda ghafla, kichwa kinauma, macho yanaona ukungu, kreatinini, taka ya damu ambayo figo huitoa, inapanda siku hadi siku. Katika takriban mgonjwa 1 kwa kila 10 wanaopata dharura hii, shinikizo la damu halipandi kufikia viwango vya kutisha, na hao ndio wanaochelewa kutambuliwa.

Kujua kingamwili hii kunabadilisha mambo ya kila siku. Mgonjwa apime shinikizo la damu nyumbani mara mbili au tatu kwa wiki na aandike. Kupanda kwa 30 kwenye namba ya juu au 20 kwenye namba ya chini, kulinganisha na kiwango chake mwenyewe, ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama 135 kwa 85 inaonekana ya kawaida kwa mtu mwingine. Prednisoloni ya miligramu 15 au zaidi kwa siku imehusishwa na dharura ya figo, kwa hiyo steroidi huepukwa au hutolewa kwa dozi ndogo kabisa. Dharura ikitokea, dawa za shinikizo la damu za kundi la kuzuia ACE, kama captopril, huanzishwa mara moja na haziachwi hata kreatinini ikiendelea kupanda. Kabla dawa hizo hazijaanza kutumika, karibu kila aliyepata dharura hii alikufa. Wakati huohuo, kumpa mgonjwa dawa hizo kama kinga kabla ya dharura hakujaonyesha faida, na tafiti kadhaa zimehusisha jambo hilo na matokeo mabaya zaidi. Wengi hulikosea hili kwa nia njema.

Zinazosahauliwa

Kwa kawaida mgonjwa ana moja tu ya hizo tatu, na haibadiliki kuwa nyingine. Lakini kuna kundi la pili ambalo vipimo vya kawaida hulipita, na linastahili kuzingatiwa kuliko linavyozingatiwa. Kingamwili dhidi ya fibrilarini, protini iliyo pamoja na RNA ya U3, hupatikana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika, mara nyingi wakiwa vijana. Huambatana na shinikizo la ateri za mapafu, udhaifu wa misuli, na utumbo mdogo unaoshindwa kusukuma chakula. Kingamwili dhidi ya Th/To hufanana kwa nje na zile za sentromia, kwa kuwa ngozi huguswa kidogo, lakini mapafu huweza kuathirika kwa makovu na kwa shinikizo pia. PM/Scl huchanganya skleroderma na uvimbe wa misuli. U11/U12 na eIF2B ni nadra, na zote mbili huelekeza macho kwenye mapafu.

Nyingi kati ya hizi, hasa fibrilarini, Th/To na PM/Scl, hung'arisha nukleolasi, ile sehemu nzito ndani ya kiini ambako ribosomu hutengenezwa. Hapa ndipo mgonjwa wa Kiafrika anapodhulumiwa na orodha fupi ya vipimo. Maabara ikipima sentromia, Scl-70 na polimerasi III tu, zote zikawa hasi, ripoti husomeka kana kwamba hana kitu. Kumbe ANA yake ni 1:1280 yenye umbo la nukleolasi, na fibrilarini haikupimwa kwa sababu haikuwamo kwenye kifurushi. ANA yenye umbo la nukleolasi kwa mtu mwenye hali ya Raynaud (vidole kubadilika rangi kwa baridi) ni dalili nzito hata pale jina la protini linapokosekana, na anastahili kufuatiliwa mapafu na moyo kama aliyethibitishwa.

Hadubini, sahani na utepe

Kipimo cha kwanza ni mng'ao usio wa moja kwa moja kwenye seli za HEp-2, seli za saratani ya binadamu zinazopendwa kwa sababu ya viini vyake vikubwa na wingi wa seli zinazogawanyika. Seramu ya mgonjwa huzimuliwa, kwa kawaida 1:80 au 1:160, ikawekwa juu ya kioo chenye seli zilizokaushwa na kuachwa kama dakika 30. Huoshwa. Kisha huongezwa kingamwili ya mnyama inayonasa IgG (aina kuu ya kingamwili kwenye damu) ya binadamu, ikiwa imefungwa rangi inayong'aa kijani, dakika nyingine 30 gizani. Huoshwa tena, hufunikwa, na kusomwa kwenye hadubini ya mng'ao.

Sentromia huonekana kama nukta 40 hadi 80 zilizotengana ndani ya kila kiini, na katika seli inayogawanyika nukta hizo hujipanga kwenye mstari wa katikati pamoja na kromosomu. Msomaji asipotafuta seli zinazogawanyika anaweza kuandika "nukta nukta" tu, neno lisilomsaidia daktari. Topoisomerasi I ina umbo gumu zaidi: kiini chenye vumbi laini, nukleolasi inayong'aa, kromosomu za seli inayogawanyika zikiwaka, na saitoplazimu hafifu. Polimerasi III ndiyo hila kubwa, kwa sababu mng'ao wake unaweza kuwa dhaifu mno hata ANA ikaripotiwa hasi au ya kiwango cha chini. Kwa mtu ambaye ngozi inakakamaa haraka, ANA hasi haitoshi kuacha kupima polimerasi III moja kwa moja kwa ELISA.

ELISA hutumia sahani yenye visima vilivyopakwa protini iliyosafishwa. Ni ya haraka na hutoa namba, lakini namba hiyo inategemea mtengenezaji. Majibu yanayoangukia juu kidogo tu ya mpaka ndiyo yanayopotosha. Scl-70 ya kiwango cha chini huonekana kwa watu wenye lupasi, ugonjwa mwingine wa kinga kuugeukia mwili, na hata kwa wasio na ugonjwa wowote, hasa protini kwenye kisima ikiwa haikusafishwa vizuri au mpaka umewekwa chini mno. Jibu kama hilo lirudiwe kwa njia nyingine kabla mtu hajaambiwa ana skleroderma.

Njia ya tatu ni utepe wenye mistari ya protini nyingi kwa pamoja. Faida yake ni kugusa kundi la pili lililosahauliwa. Hasara yake ni mistari hafifu. Kanuni nzuri ni kulinganisha mstari na hadubini. Utepe ukisema PM/Scl chanya kidogo wakati HEp-2 haina mng'ao wa nukleolasi hata chembe, mstari huo una uwezekano mkubwa wa kuwa wa uongo. Vikikubaliana, jibu lina nguvu.

Kipimo ambacho vingine vyote hupimwa dhidi yake ni cha kunasa na kudondosha protini. Seli za binadamu, mara nyingi za K562, hukuzwa pamoja na methionini yenye salfa ya mionzi, hupasuliwa, kimiminika chake huchanganywa na seramu ya mgonjwa iliyoshikwa kwenye chembe za protini A. Kilichonaswa hutenganishwa kwenye jeli kwa ukubwa na kuonyeshwa kwenye filamu. Kwa Th/To na U3 hutafutwa RNA badala ya protini. Kipimo hiki huona protini zikiwa katika umbo lake la asili na zikiwa zimeshikamana na wenzake, jambo ambalo ELISA na utepe haviwezi kila mara. Kwa sababu ya mionzi, muda na utaalamu unaohitajika, kimebaki katika maabara chache za utafiti. Baadhi ya tofauti kati ya tafiti kuhusu nani ana kingamwili gani zinatokana na njia ya kupimia, si na watu waliopimwa tu.

Kabla ugonjwa haujajulikana

Hali ya Raynaud, ile ya vidole kubadilika rangi kwa baridi, ni ya kawaida sana na kwa wengi haifiki popote. Ni nani basi ataendelea hadi skleroderma? Utafiti wa Kanada uliochapishwa 2008 uliwafuata watu 586 wenye Raynaud kwa hadi miaka 20, na 12.6 katika kila 100 walipata skleroderma. Waliokuwa na kapilari (vishipa vidogo kabisa vya damu) zilizoharibika kwenye msingi wa kucha pamoja na otoantibodi mahususi, karibu 80 katika 100 waliishia kwenye ugonjwa. Wasiokuwa na lolote kati ya hayo mawili hawakufika 2 katika 100. Mfuatano wa matukio nao ulionekana: kapilari hupanuka kwanza, kisha hupotea, na kila kingamwili ilikuwa na mwendo wake wa uharibifu.

Vigezo vya uainishaji vya mwaka 2013, vya vyama vya madaktari wa baridi yabisi wa Marekani na Ulaya, vimeingiza mambo haya katika alama. Kingamwili yoyote kati ya zile tatu kuu ni alama 3, na hazizidi hapo hata zikiwa mbili. Raynaud ni 3, kapilari zilizoharibika ni 2, vidole vilivyovimba ni 2, zinahitajika 9. Mwenye Raynaud, kingamwili na kapilari mbovu ana 8, kwa hiyo haingii. Hilo halimaanishi hana ugonjwa. Vigezo vilitungwa ili watafiti waandikishe watu wanaofanana, na kumnyima mtu ufuatiliaji kwa kukosa alama moja ni kuvitumia visivyo. Na tazama tena: fibrilarini na Th/To hazina alama hata moja.

Uvimbe wa saratani ulipofungua mlango

Tangu zamani ilijulikana kwamba baadhi ya wagonjwa wa skleroderma wana saratani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, waliangalia muda: kwa wenye kingamwili za polimerasi III, saratani na skleroderma zilijitokeza karibukaribu, mara nyingi zikitofautiana kwa miaka michache tu, wakati kwa wenye sentromia au topoisomerasi pengo lilikuwa refu. Mwaka 2014 walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa jeni za uvimbe kutoka kwa wagonjwa 16. Kati ya 8 wenye kingamwili za polimerasi III, 6 walikuwa na mabadiliko kwenye jeni ya POLR3A, inayotengeneza sehemu kubwa ya kimeng'enya hicho, ndani ya saratani yao: ama herufi zilizobadilika au nakala moja ya jeni iliyopotea. Kwa 8 wasio na kingamwili hizo hakukuwa na hata mmoja.

Tafsiri yake ni hii. Seli ya saratani inatengeneza polimerasi iliyobadilika kidogo. Mfumo wa kinga unaiona kama kitu kigeni na kuishambulia, jambo ambalo ndilo kazi yake. Lakini kingamwili zinazofuata haziwezi kutofautisha protini iliyobadilika na ile ya kawaida, na mashambulizi yanaenea kwenye mwili mzima. Kwa baadhi ya wagonjwa seli T, kundi jingine la seli za kinga, zinazotambua kipande kilichobadilika zilipatikana kwenye damu. Huu ndio ushahidi bora tulionao juu ya mahali ambapo otoantibodi ya skleroderma inaanzia. Pia unaeleza kitu cha ajabu: wagonjwa wengi wa polimerasi III hawana saratani kabisa, huenda kwa sababu kinga iliimaliza. Uchunguzi uliofuata kutoka kundi hilohilo uliona kwamba wale ambao pamoja na polimerasi III wana kingamwili dhidi ya RPA194, sehemu kubwa ya polimerasi ya RNA I, hupatikana na saratani mara chache zaidi. Kingamwili mbili pamoja hutoa picha ya hatari tofauti na moja.

Kwa vitendo, mwenye kingamwili hii aliyepatikana na skleroderma hivi karibuni afanyiwe uchunguzi wa saratani unaolingana na umri na jinsia yake bila kuchelewa, matiti yakipewa kipaumbele kwa wanawake, na daktari awe mwepesi kuchunguza dalili yoyote isiyoelezeka katika miaka mitatu ya mwanzo.

Zinaumiza kweli?

Kikwazo cha wazo kwamba otoantibodi hizi huharibu mwili ni mahali zilipo shabaha zake. Sentromia, topoisomerasi na polimerasi zimefichwa ndani ya kiini. Kingamwili ni molekuli kubwa inayoogelea nje ya seli. Zitakutana wapi?

Njia kadhaa zimependekezwa, na baadhi zina majaribio nyuma yake. Seli zinapokufa humwaga vilivyomo, na topoisomerasi iliyomwagika imeonekana ikishika uso wa fibroblasti, ambapo kingamwili huifuata na kuita seli za kinga. CENP-B iliyo nje ya seli imeonyeshwa kujishikiza kwenye kipokezi cha CCR3 cha seli za misuli ya mishipa ya damu. Njia inayonishawishi zaidi ni ya mafungu ya kingamwili na antijeni, yaani protini inayonaswa. Kwa kuwa protini hizi hushikamana na DNA au RNA, fungu lote huingia ndani ya seli za kinga pamoja na mzigo wa asidi nukleiki, na vipokezi vya TLR huutambua kana kwamba ni virusi. Matokeo ni interferoni ya alfa, protini ambayo mwili huitoa kupambana na virusi, na damu ya wagonjwa wengi wa skleroderma ina alama za interferoni. Mafungu yaliyotolewa kwa wagonjwa yamechochea pia seli za kuta za mishipa na fibroblasti kwenye sahani za maabara. Kilichobaki ni kuonyesha kwamba hayo hutokea ndani ya mtu, kwa kiasi kinachotosha kukakamaza pafu.

Kundi jingine la otoantibodi halina kikwazo hicho, kwa kuwa hushambulia vipokezi vilivyo juu ya seli. Historia yake ni fundisho kwa anayesoma tafiti. Mwaka 2006 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha kazi ya watafiti wa Italia wakisema wagonjwa wote 46 waliowapima walikuwa na kingamwili zinazowasha kipokezi cha PDGF, kichocheo cha ukuaji, kwenye fibroblasti, na kwamba hilo liliongeza kolajeni. Ingekuwa kweli kwa wote, chanzo cha makovu kingekuwa kimepatikana. Mwaka 2009 makundi mawili huru yalijaribu kurudia na hayakuona kingamwili zenye uwezo huo. Watafiti wa awali wameendelea kutoa ushahidi, ukiwemo wa ngozi ya binadamu iliyopandikizwa kwa panya, lakini kipimo hicho hakijaingia kliniki. Ugumu mmoja ni wa kimaabara: IgG iliyotolewa kwenye damu huweza kubeba chembe za vichocheo vya ukuaji, na chembe hizo zikiwasha kipokezi, kingamwili hupewa sifa isiyo yake.

Kingamwili dhidi ya kipokezi cha angiotensini AT1R na cha endothelini ETAR zilielezwa mwaka 2011, zikihusishwa na shinikizo la mapafu na hali mbaya zaidi. Panya waliochanjwa ili watengeneze kingamwili za AT1R walipata uvimbe na makovu kwenye ngozi na mapafu. Lakini watu wenye afya nao wanazo, kwa viwango tofauti, na hapo swali linageuka. Huenda ni sehemu ya mizani ya kawaida ya mwili ambayo katika skleroderma imepotea.

Dawa zinazojibu swali kwa mlango wa nyuma

Ukiondoa kingamwili na mgonjwa akapona, umejifunza kitu. Lakini dawa huondoa zaidi ya kimoja. Rituximab huua seli B zenye alama ya CD20. Jaribio la DESIRES la Japani, lenye wagonjwa 56, lilionyesha ngozi ikilainika kuliko kwa waliopewa dawa ya kulinganishia, na mwaka 2021 Japani iliidhinisha dawa hiyo kwa skleroderma. Hata hivyo seli za plazma, ambazo ndizo viwanda vya kingamwili, hazina CD20. Hubaki kwenye uboho zikiendelea kuzalisha. Ngozi inaweza kulainika huku Scl-70 ikibaki palepale. Kwa hiyo huenda faida inatoka kwenye kazi nyingine za seli B, kama kutoa IL-6, protini inayochochea uvimbe, na kuonyesha antijeni kwa seli T.

Seli T zilizobadilishwa jeni ili zishambulie CD19, alama nyingine ya seli B, zile za CAR, huenda mbali zaidi. Ripoti ya Ujerumani ya mwaka 2024 ilihusisha watu 15 wenye magonjwa ya kinga, wanne kati yao wakiwa na skleroderma, na seli B zilitoweka kisha zikarudi zikiwa changa. Wanne ni wachache mno kwa hukumu yoyote. Majaribio makubwa yatakapochapishwa, jedwali la kwanza la kutazama ni lile linalopanga viwango vya kila otoantibodi, kabla na baada, sambamba na FVC na alama za ngozi za mgonjwa huyohuyo. Kingamwili ikishuka na kovu likabaki, tutakuwa tumejua kwamba kovu lililokwisha kujengwa halihitaji tena kingamwili ili lidumu, na kwamba matibabu ya aina hii yana nafasi yake katika miaka ya mwanzo tu. Kovu likirudi nyuma pale tu kingamwili inapotoweka, hapo ndipo neno "husababisha" litakapokuwa limepata msingi.